Kanuni ya Nne ya Mfongo

Aika alilitoa neno always mwishoni mwa sentensi, akalisogeza hadi katikati, akasoma tena kimoyomoyo.

"Umefuta?" aliuliza Primus. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, kofia juu ya goti.

"Sijafuta, mzee. Nimelihamisha."

"Si neno ni lile lile?"

"Ni lile lile, ila Kiingereza kina mahali pa kuliweka. Neno la mara ngapi linakaa baada tu ya must. Neno la namna gani linaingia ndani zaidi, karibu na kitendo chenyewe." Akaongeza neno moja na kuwageuzia kioo cha kompyuta. The gate must always be properly closed. "Yaani, mlango lazima siku zote ufungwe sawasawa."

"Kama viti vya harusi," alisema Digna. "Kila mtu na meza yake."

Walikuwa watatu ndani ya steshenari ya Aika pale Kiboriloni, mlango wazi, kelele za sokoni zikiingia. Kilichokuwa kinaandikwa ni kanuni za mfongo, yaani mfereji unaotoa maji mtoni juu kabisa na kuyashusha kijijini, kihamba baada ya kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa la kila familia. Shirika moja lilikuwa limeahidi kujenga upya chanzo chake kwa saruji, lakini lilitaka kwanza kanuni zilizoandikwa kwa Kiingereza. Zikishasainiwa, atakayevunja mojawapo atapoteza zamu yake ya maji kwa msimu mzima.

Primus alikuwa mwenyekiti wa mfongo, na kihamba chake kiko juu. Cha Digna ni cha mwisho chini. Mama huyu hajui Kiingereza, na ndiyo maana alikuja mwenyewe. Hakutaka karatasi ishuke mlimani mikononi mwa Primus peke yake. Zamu yake ni Alhamisi, baada tu ya zamu ya Primus, na kwa misimu kadhaa maji ya Alhamisi yalikuwa yakimfikia jioni, au yasimfikie kabisa. Mwaka huu maharage yake yalikauka yakiwa na maua. Ng'ombe mmoja alikuwa amempeleka kwa dada yake kwa kukosa majani. Kila alipopanda kulalamika alikuta mlango wa maji wa kwa Primus uko wazi, maji yakiingia kwenye kahawa.

Kanuni tatu za kwanza zilipita bila shida. Ya nne, kama kikao kilivyoipitisha kwa Kiswahili, ilisema: Mlango wa maji ufungwe zamu ikiisha. Ndiyo waliyokuwa wakiihangaikia sasa; hilo la zamu ikiisha Aika alikuwa ameliacha kwanza.

"Hiyo must ni kali," alisema Primus. "Hakuna nyingine?"

"Ipo should. Hiyo ni inapaswa."

"Weka hiyo. Na mtu akiugua je? Na mvua ikikata njia?"

"Basi tunaweza kuongeza normally. The gate should normally be closed. Kwa kawaida, mlango unapaswa kufungwa."

"Hapo sasa! Kwa kawaida."

"Kwa kawaida ndiyo iliyoua maharage yangu," alisema Digna.

Aika alivuta kibodi karibu. Aliziandika sentensi zote mbili, moja chini ya nyingine, akazisoma polepole, kila moja na maana yake.

"Tofauti yake ni nini, mwanangu?" aliuliza Digna.

"Kwa hii ya juu, mama, ukikuta mlango wazi, kanuni imevunjwa. Kwa hii ya chini, aliyeuacha wazi bado ana la kujitetea."

"La kujitetea lipi?"

"Kwamba siku ile haikuwa ya kawaida."

"Kwa mwenyekiti hakuna Alhamisi ya kawaida."

"Mama Justina, unanisema mimi?" Primus alimgeukia Digna.

"Naisema Alhamisi."

Primus alizungusha kofia yake. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na jambo hilo lilimkera Digna zaidi kuliko kelele.

"Nisomee tena hiyo kali," Digna alimwambia Aika.

Aika akasoma.

"Sasa hapo anayefunga ni nani?"

Aika aliitazama sentensi. "Haijasema."

"Kiingereza hakisemi?"

"Kinaweza. Ukitaka, unaweka by mwishoni, halafu unamtaja mtendaji. Usipotaka, unaishia hapo hapo na sentensi inasimama. Hata Kiswahili chenu kimefanya hivyo. Mlango ufungwe, basi."

"Haina haja ya kumtaja," alisema Primus. "Kila mtu anajua."

"Hapo kweli," alisema Digna. "Kila mtu anajua."

Tangu waifikie kanuni hii, hilo ndilo la kwanza walilokubaliana. Aika aliweka vidole kwenye vitufe. "Basi niambieni tu, niandike."

"Aliyefungua," alisema Digna.

"Anayepokea," alisema Primus.

Walikuwa wamesema kwa pamoja. Waligeukiana.

"Anayepokea nini?" aliuliza Digna.

"Maji. Mwenye zamu inayofuata. Anapanda na jembe lake, anafika mlangoni, anafunga kwa mkono wake, halafu anashuka na maji yake akiyaangalia njiani."

"Nani alisema?"

"Hakuna aliyesema. Ndivyo tunavyofanya. Baba yangu alifanya hivyo. Nikifunga mimi na wewe hupo, maji yanashuka bila mtu, yanapasua ukingo pale kwenye kona, njia yote inaharibika. Mimi kila Alhamisi nafika mlangoni, nakusubiri. Huji."

"Mimi nakaa chini nasubiri maji. Hayaji."

Mwanamke aliyekuwa akipita alichungulia kuuliza kama wanatoa kopi. Aika alimwomba asubiri kidogo.

"Kwetu, upande wa Holili," Digna alisema, sasa kwa sauti ya chini, "aliyefungua ndiye anayefunga. Akiacha wazi ni mwizi. Nilikuja kuolewa huku nikijua hivyo."

"Huku, asiyeyafuata maji ni mtu asiyeyahitaji."

"Mbona mume wangu, marehemu Stanley, alipokuwa hai maji yalifika?"

"Alikuwa anapanda."

"Alikuwa anapanda kunywa mbege! Kila Alhamisi alirudi ananuka."

"Alikuwa anafunga kwanza," alisema Primus. "Mbege ilikuwa baadaye."

Digna akacheka, kicheko kifupi kilichokatika kabla hakijafika popote. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Nimekuita mwizi," alisema. "Mbele ya watu, pale kanisani."

"Nilisikia. Hata mimi nimesema."

"Umesema nini?"

"Kwamba Mama Justina amechoka kulima."

"Umemwambia nani?"

"Wote walioniuliza."

"Na ambao hawakukuuliza?"

"Na hao pia."

Aika aliinama kutazama vitufe.

"Na hukuniambia," alisema Digna. "Misimu yote hiyo."

"Mtu mzima unamwambiaje kwamba maji yanafuatwa? Halafu wewe ulikuja unafoka, Mama Justina. Hukuja kuuliza."

"Na maji ambayo sikuyafuata, yalikwenda wapi?"

Primus aliitazama kofia mikononi. "Kwenye kahawa yangu."

"Siku nzima?"

"Mpaka jioni."

"Kwa hiyo ulikuwa unanisubiri, lakini hukuwa unaumia."

Primus hakulikataa hilo. Alisema tu kwamba mwaka huu kahawa imezaa vizuri, na mara moja akaonekana kujutia kwamba amelisema.

Aika aliona ni afadhali arudi kwenye kazi. "Niandike lipi? Naweza kuandika by the person who opened it, yaani aliyeufungua. Au by the next user, anayefuata. Yote mawili ni Kiingereza sahihi. Kikiishia kwenye closed pia ni sahihi, ila mtarudi kugombana."

"Andika aliyefungua," alisema Digna. "Goti langu halipandi tena ule mlima kila wiki. Ukiandika anayepokea, mimi nimeshavunja kanuni kabla wino haujakauka."

"Akiandika aliyefungua, kona itapasuka wiki ya kwanza," alisema Primus. "Na ikipasuka, wewe ndiye utakosa kabla ya wote. Wewe ni wa mwisho."

Hilo Digna alilijua. Alikuwa ameiona kona ile ikipasuka, na alijua migomba yake ingekuwa ya kwanza kunyauka. Alitazama sentensi kwenye kioo ingawa hakuweza kuisoma.

"Walio katikati wanafanyaje?" aliuliza Aika. "Kwa Ezra, kwa Sifael?"

Wazee wawili walitazamana tena. Hakuna kati yao aliyewahi kuuliza.

"Kesho ni Alhamisi," alisema Digna hatimaye. "Nitapanda. Taratibu, lakini nitapanda. Nitapitia kwa Ezra na kwa Sifael niwaulize, halafu nikukute mlangoni."

"Nitakuwepo."

"Ulikuwa unakuwepo siku zote, umesema."

"Pita njia ya juu. Ile ya kwa Ezra ina utelezi."

"Kwa Ezra ndiko ninakokwenda, mwenyekiti. Umesahau sasa hivi tu?"

Primus alivaa kofia. "Basi nitashuka mimi, nikukute kwa Ezra. Tupande pamoja."

"Na mlango wakati huo anaushika nani?"

Swali hilo waliliendeleza wakitoka nje, na sauti zao zikapotea kati ya wauza ndizi. Aika aliufuta mstari wa should. Kwenye ule wa juu aliongeza by, kisha nukta nyingi zilizoacha nafasi. Kanuni ya tano ilikuwa inahusu adhabu ya mtu aliyevunja ya nne, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kuendelea. Alihifadhi kazi ilivyo na kumwita yule mwanamke wa kopi.