Kiu ya Yasmini

Harusi ya Faidha ilipokaribia, wifi yake Mwanakombo hakuwaza nguo wala zawadi. Aliwaza kidevu cha mwanawe.

Yasmini alikuwa na miaka saba. Mtindio wa ubongo ulimnyima shingo imara na ulimi wa kusema. Kucheka alicheka sana, lakini udenda ulimtoka mchana kutwa, ukamlowesha kifua na kumchubua kidevu. Kijijini kwao Mnyambe, Newala, walishamzoea. Masasi, kwenye harusi, kungekuwa na wakwe wapya, na Mwanakombo alishawahi kusikia watu wakinong'ona kwamba mtoto yule hashikiki.

Basi siku ya kuamkia harusi alimnyima maji. Aliamini asiyekunywa hatatokwa na mate. Uji alimpa kidogo tu, tena mzito. Mtoto alipoitazama ndoo na kutoa ile sauti yake ya kuomba, mama aligeuka akajifanya anakunja kanga.

Asubuhi kifua cha Yasmini kilikuwa kikavu. Mwanakombo alimvika gauni jeupe, na moyoni alifurahi. Lakini walipofika Masasi mtoto alilegea mikononi mwa bibi yake, Bibi Pili, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Suleimani, baba yake, alimbeba mbio hadi hospitali, Bibi Pili na Mwanakombo wakimfuata nyuma.

Muuguzi aliuliza kama mtoto aliharisha au kutapika. Bibi Pili akawahi kujibu kwamba hapana, na kwamba mkwe wake anamtunza mtoto huyu kuliko anavyojitunza mwenyewe. Sifa ile ilimchoma Mwanakombo kuliko tusi.

"Sikumpa maji," alisema, macho sakafuni. "Tangu jana. Nilitaka asitoe udenda mbele za watu."

Hakuna aliyemkaripia. Suleimani alitoka akasimama barazani, akawapa mgongo. Bibi Pili alipokea kikombe cha maji ya chumvi na sukari kwa muuguzi, akaanza kumnywesha mjukuu kijiko kwa kijiko.

Jioni, harusi ikiendelea bila wao, alikuja Bernard, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alieleza kwamba Yasmini hana mate mengi kuliko watoto wengine, ila hawahi kuyameza na midomo yake haifungi vizuri. Kumnyima maji kunamdhuru tu. Alimkalisha wima, miguu ikikanyaga sakafu, kichwa kikiegemezwa, akaonyesha namna ya kumfuta: kitambaa kikandamizwe taratibu, kisisugue, huku mtoto akikumbushwa kufunga mdomo na kumeza. Kidevu kipakwe mafuta mazito. Dawa zipo, alisema, lakini hizo ni za daktari kuamua, na wao waanze na mazoezi.

Mwanakombo alichukua kitambaa. Yasmini alimtazama, akacheka, udenda ukashuka.

"Meza, mama," alimwambia mwanawe. Ilichukua muda, lakini alimeza.

Kesho yake walikwenda kumsalimu bibi harusi. Shangazi wa bwana harusi alimwona Yasmini, akavuta kanga yake kando na kuuliza mtoto ni wa nani. Mwanakombo alihisi uso ukimwaka. Alitamani kusema ni wa jirani. Neno lilimfika mdomoni kabisa.

"Ni wangu," alisema, na sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

Suleimani alikuwa mlangoni, akasikia. Tangu hospitalini hakuwa amemsemesha mkewe. Walipokuwa njiani kurudi Newala, Bibi Pili akisinzia, ndipo alipofungua mdomo.

"Ungeniambia kwamba unaona aibu."

"Ungenifikiriaje?"



"Hata mimi naona aibu," alisema Suleimani. "Kila mnada wa korosho watoto wa wenzangu wanakuja na baba zao. Wa kwangu sijawahi kumpeleka hata mara moja, na wewe hujawahi kuniuliza kwa nini."

Suleimani alinyoosha mikono akampakata mtoto, akamkalisha wima kifuani pake, na shati likaanza kulowa.