Majani ya Boma la Zamani

Mwaka wa 1966, serikali ilipokuwa imewafungia watu pamoja na mifugo yao katika kijiji cha ulinzi karibu na Garissa, mvua ilinyesha kidogo. Nje majani yalikuwa haba, isipokuwa kipande kimoja ng'ambo ya lagha, ule mkondo mkavu wa mto, kijani kama shamba. Koplo wa askari waliolinda kijiji alikiona kutoka langoni akasema hapo shifta, wale waasi wa porini, wanalima, pachomwe moto.

Raho alimsikia. Alikuwa mjane mwenye mbuzi wanne, na mmoja tu ndiye aliyekuwa na maziwa ya mjukuu wake yatima, nayo yalikuwa yakikauka.

"Afande, hapo palikuwa boma langu kabla hamjatuleta huku."

"Basi nani amepanda?"

"Mbuzi."

Askari wakacheka. "Mama, mbuzi wako wana jembe?"

"Wana tumbo. Mchana walikula nchi hii yote, jioni wakaja kulala hapo, kila kiangazi, miaka sita. Chimba, wallahi, utaona."

Koplo akaenda naye, bunduki mbele, akachimba kwa kisu. Chini ya majani palikuwa na samadi tupu, nyeusi, imelowa. Alifuta kisu kwenye suruali.

"Lete mbuzi wako. Lakini adhuhuri muwe mmerudi."

Siku ya tatu maziwa katika kikombe cha mtoto yalifika nusu. Raho alimshukuru Mungu, kisha akatazama samadi ya mifugo ya kijiji kizima, imejaa ndani ya ua hadi magotini.

"Siku tukitoka hapa, inshallah," alimwambia mtoto, "hapa patakuwa na malisho."