Uwanja Uliobaki na Mwanga

Nahodha wa timu ya wanawake aliitwa Komeo, maana mshambuliaji akifika kwake alikuwa amefika mlango uliofungwa. Msimu ule timu ilipata mdhamini, kampuni ya umeme wa jua. Paneli zikapangwa juu ya paa la jukwaa kuu, betri zikawekwa katika chumba chini ya ngazi, na jezi zikachorwa jua la manjano kifuani, kubwa kama sahani.

Jezi hakuikataa. Kilichomkera ni kipaza sauti. Kila mechi ya nyumbani ilimbidi aseme na mashabiki kabla ya mpira kuanza: jua la mchana linahifadhiwa kwenye betri, jioni linawasha taa. Aliyatamka maneno hayo haraka haraka kama mwanafunzi aliyekariri, na mashabiki wakamzomea kwa utani, “Mpira! Tunataka mpira!” Nyumbani kaka yake naye hakumwacha apumzike. “Siku hizi wewe beki au mchuuzi?”

Jumamosi moja walicheza mechi yao ya kwanza ya jioni. Kipindi cha pili walikuwa nyuma kwa bao moja, na Komeo alikuwa anapanga mabeki wake, macho yake yakipita juu ya jukwaa la mbele hadi kwenye madirisha ya maghorofa ya mjini. Ghafla madirisha yote yakazimika. Barabara ikazimika, kilima chote kikamezwa na giza. Akakaza mwili akingojea zamu yao.

Zamu haikuja. Nyasi zilibaki kijani, mistari ikabaki myeupe. Mpira ukampita mguuni na hakuna aliyeufuata. Mshambuliaji wa wageni alisimama kando yake, kinywa wazi.

“Dada, mbona hapa hapajazimika?”

“Ni jua la mchana,” Komeo akajibu. Maneno yale aliyasema mechi baada ya mechi, lakini masikio yake mwenyewe yalikuwa hayajawahi kuyasikia.

Kabla hajapata la kuongeza, geti la pembeni lilifunguliwa kwa kishindo. Akaingia shangazi yake, mkunga wa kituo cha afya cha ng’ambo ya barabara, akisukuma kitanda cha magurudumu pamoja na mlinzi. Juu ya kitanda mwanamke alikuwa amejikunja, ameuma ncha ya shuka.

“Jenereta limegoma!” shangazi akapaza sauti. “Mtoto ametanguliza matako, simtoi gizani mimi! Nipeni chumba!”

Refa akapiga filimbi. Magurudumu yalikwama kwenye nyasi, basi wachezaji wa timu zote mbili wakakinyanyua kitanda na kukimbia nacho mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Wakamlaza mwanamke kwenye meza ya kukandia misuli. Komeo alipogeuka kutoka, shangazi akamdaka.

“Unakwenda wapi, mwanangu? Nawa mikono, umshike mabega.”

Akanawa, akamshika. Mwanamke yule alimng’ang’ania mkono kwa nguvu ambazo Komeo hakuwahi kukutana nazo uwanjani. Nje mtangazaji aliomba utulivu, na uwanja mzima ukanyamaza, ukimya mzito uliopenya mpaka chumbani. Chini ya taa ile kali Komeo aliona kila kitu: jasho kwenye nyusi za shangazi, vidole vyake vikizunguka taratibu, mgongo mdogo, mkono, kisha mkono wa pili.

“Sasa, mama! Usiniangushe!”

Kichwa kikatoka. Mtoto alikuwa wa rangi ya majivu, hana sauti. Shangazi akamfuta, akamsugua mgongo, akamwinamia na kumpulizia pumzi. Mguu mmoja ukatikisika, kifua kikapanda, na kilio kikapasua chumba.

Kupitia njia ya wachezaji kilio kile kilifika nje. Kelele zilizolipuka Komeo hakuwahi kuzisikia kwa bao lolote. Kuta zilitetemeka. Mama wa mtoto akacheka huku analia, akauliza, “Wanamshangilia nani?”

“Wewe,” Komeo akamwambia.

Mechi iliendelea, wakafungwa lile lile bao moja, na hakuna aliyenuna. Wachezaji walibadilishia nguo ukumbini ili mzazi apumzike. Kabla msimu haujaisha, kituo cha afya nacho kilikuwa na paneli juu ya paa lake.

Lakini jioni ile mashabiki hawakuondoka. Magetini watu waliendelea kumiminika kutoka mitaa yenye giza, wakiwa wamebeba watoto, wakikaa kimya majukwaani kutazama taa. Komeo alikuwa amekaa kwenye nyasi, viatu vimevuliwa, shangazi alipomjia na kichanga ndani ya taulo la timu.

“Mama yake anasema umpakate.”

Akampokea kwa mikono miwili, kwa woga. Mtoto alifumbua macho, akayafinya kwa ule mwanga mwingi, akayafumbua tena.

“Wa kike,” shangazi akasema, akajibwaga kando yake.

Komeo akainama, kivuli cha kichwa chake kikamkinga mtoto macho na taa. Akamtazama tu.