Nafasi Nne

Ofisi nzima ilivijua vita vya ndugu hawa wawili. Waliandika pamoja programu ya kupanga zamu za wauguzi, na kila mmoja alikuwa na imani yake: dada alianza mistari kwa nafasi nne tupu, mdogo wake kwa mbili. Dada akipita kwenye faili la mdogo wake, anaitanua mistari. Mdogo mtu akipita kwenye la dada, anaibana. Wenzao walijiita nyasi, maana tembo wakipigana unajua nani anaumia.

Ijumaa moja dada akachoka. Akachukua kipangaji, ile programu ya kunyoosha mistari yote kwa mpigo, akakipitisha kwenye mradi mzima bila kuuliza mtu. Mistari elfu nane ikawa nne nne. Na kwa kuwa kumbukumbu za mradi humwandika aliyegusa mstari mara ya mwisho, yote ikabeba jina lake.

"Dada, nina kazi ya wiki nzima sijaiunganisha na mradi," mdogo wake akalalamika. "Sasa itagongana na yako mstari kwa mstari!"

"Jipange. Nimekwambia mara ngapi?"

Jioni mdogo wake alipiga simu mara mbili. Dada aliiona, akainunia. Hasira hasara, lakini nani hukumbuka hayo akiwa amefura? Jumamosi asubuhi gari lilimgonga mdogo wake akivuka barabara kununua mkate. Hakufika hospitali.

Wiki tatu baadaye mama yao alikuja ofisini kuchukua sweta na kikombe alivyoviacha mwanawe.

"Nionyeshe alichokiandika mwanangu," akasema.

Dada akafungua. Mama akavaa miwani, akashuka na kidole pembeni mwa skrini.

"Mbona kila mstari jina lako? Kwani mwenzio alikuwa anakuja kukaa tu?"

Dada alikosa pa kuuficha uso. Kiongozi wa mradi akavuta kiti, akaandika namba ya badiliko lile la Ijumaa kwenye orodha ya mabadiliko ya kurukwa, ili kumbukumbu zisilihesabu. Majina ya zamani yakarudi.

"Huyu hapa," mama akanong'ona. "Huyu hapa tena."

"Ipo na kazi yake ya mwisho," kiongozi akasema taratibu. "Aliituma Ijumaa ile jioni. Tulikuachia wewe uifungue."

Dada alikuwa akiikwepa wiki zote tatu. Aliogopa kukuta matusi, na aliyastahili. Akaifungua. Juu kabisa mdogo wake alikuwa ameandika: "Kipangaji chako kimenigomea, nimeipanga mistari kwa mkono, yote nne nne. Umeshinda. Pokea simu basi, dada."

Akalia mbele ya watu, kwa sauti, mama akimshika bega. Alipoweza kuona tena, akaanza kuhesabu nafasi mstari kwa mstari: nne, nne, nne. Mmoja tu ulikuwa umemponyoka mdogo wake, ukabaki na mbili. Huo hakuugusa, na kesho yake akawakataza wote wasiuguse.