Dakika ya Kimya

"Zimeni feni," nilisema. "Na redio. Na wewe, Shangazi, toa mguu kwenye cherehani."

Shangazi, dada mkubwa wa baba, fundi nguo ambaye hakuwahi kuamrishwa na mtu ndani ya duka lake, alinitazama juu ya miwani. "Kha! Na kupumua je? Nako tuzime?"

"Dakika moja tu, Shangazi. Dakika moja ya kimya."

"Dakika ya kimya? Nani kafa?"

Jicho, mwenzangu wa kamera, alicheka mpaka picha ikatikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa natembea na hofu siku nyingi.

Tulikuwa mwaka wa mwisho chuoni, tunatengeneza filamu ya makala kuhusu jengo lile kuukuu. Duka la Shangazi lilikuwa chini, wapangaji juu yake, na juu kabisa mwenye nyumba alikuwa anaongeza ghorofa nyingine, mifuko ya saruji ikipandishwa kwa kamba kutwa nzima. Tulipokwenda kumuuliza kama ana kibali, alitusikiliza huku akitabasamu, kisha akaniuliza mimi, si Jicho: "Yule fundi nguo wa chini si shangazi yako? Anapapenda pale, eh? Mwambie aendelee kupapenda." Niliaga palepale, nikatoka. Mimi ni mwoga, sifichi. Nyumbani walinitania kwamba hata chumbani kwangu naingia kwa kupiga hodi.

Halafu kulikuwa na mlango wa duka. Miaka yote ulifunga vizuri, sasa ukaanza kukwama. Shangazi akamwita seremala, akauranda pembe. Wiki haikuisha, ukakwama tena.

"Mbao imenona," alisema Shangazi. Alikuwa na mzaha kwa kila kitu, na mimi nilitaka sana kumwamini.

Kwa asiyeijua kazi yetu: kila chumba kina kimya chake. Kimya cha jikoni si kimya cha darasani. Ndiyo maana mkimaliza kupiga picha, watu wote hunyamaza na mtu wa sauti anarekodi ule utupu, ili wakati wa kuhariri autumie kuzibia mapengo, kama fundi anayeweka kipande cha kitambaa kilekile kwa ajili ya kiraka. Nilipomweleza hivyo, Shangazi alielewa papo hapo. Akalisogeza pembeni gauni la bibi harusi alilokuwa akilimalizia, akakunja mikono. "Haya. Kimya kingi..." Akaiachia hapo, akanikonyeza.

Feni ikazunguka polepole, ikasimama. Kwenye hedifoni kimya kikatanda.

Tik.

Nikadhani ni waya. Mtu yeyote wa sauti angedhani hivyo, maana waya wa maiki ukilegea hulia vilevile. Nikabadilisha waya, nikaomba turudie. Tik. Tik-tik. Kisha kitu kama mtu anayesaga meno usingizini. Nikaisogeza maiki chumba kizima, ukutani, sakafuni, hadi kwenye nguzo iliyokuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Sauti ilikuwa inatoka mle ndani ya nguzo.

Nilimvalisha Shangazi hedifoni. Tabasamu likamfutika taratibu.

"Panya?"

"Si panya, Shangazi."

"Toeni watu," alisema.

Jicho akapanda ngazi akigonga milango, sisi tukaita kutoka uani. Watu wakashuka wakinung'unika, vibarua wa saruji nao wakitucheka, eti wanafunzi wa sinema wamechanganyikiwa. Mama mmoja alishuka na sufuria yake mkononi. Lakini walishuka, kwa sababu aliyewaita ni Shangazi, na Shangazi hakuwa mtu wa kukimbizwa na upepo.

Tukasimama ng'ambo ya barabara. Jengo limesimama palepale, jua linalipiga, halina habari. Aibu ikaanza kunipanda. Nikageuka nimwombe Shangazi radhi.

Hayupo.

Maiki ndogo isiyo na waya ilikuwa bado kwenye kola yake tangu mahojiano ya asubuhi. Nikazipandisha hedifoni masikioni. Nikasikia pumzi yake. Viatu vyake. Mlango ukijirudishia nyuma yake. Hanga ikigonga hanga. Gauni! Amelirudia gauni la watu! "Shangazi!" nilipiga kelele, kana kwamba maiki inasikia pande zote mbili. Nilitaka kukimbia kumfuata. Miguu ikakataa, wallahi, ikakataa kabisa.

Kisha akasema nami kwa upole, akijua namsikia.

"Mwanangu, usiingie. Nimeshalipata. Ni huu mlango tu."

Nikamsikia akiuvuta. Akauvuta tena, kwa nguvu. Jicho alikuwa ameshaanza kuvuka barabara.

"Mbao imenona," alisema Shangazi, na sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Mshindo ule niliusikia kwa miguu kabla ya masikio. Vumbi likamwangusha Jicho katikati ya barabara, likatufunika sote. Lilipotulia, jengo halikuwapo tena; wapangaji na vibarua wote walikuwa hai, wamekuwa weupe kama waliomwagiwa unga, na yule mama alikuwa bado ameshika sufuria yake. Kwenye hedifoni hakukuwa na kitu. Hata tik.

Kwa mwoga huenda kicheko, walisema wahenga. Hawakutuambia kicheko hicho kinachekwaje.

Filamu tuliimaliza, sijui kwa moyo gani. Siku ilipooneshwa, ukumbi wa chuo ulijaa, na wapangaji walikaa mstari wa mbele. Kabla ya kuanza, mkuu wa idara alipanda jukwaani, akamtaja Shangazi kwa heshima, akatuomba tusimame kwa dakika moja ya kimya. Viti vikalia, watu wakainuka, wakainamisha vichwa. Mtu mmoja, kwa adabu tu, akaenda kuzima feni.

Ukumbi ukanyamaza. Hofu ikanipanda kutoka miguuni, nikajikuta naangalia nguzo, moja baada ya nyingine. Na pale, kwenye masikio yangu matupu, nikamsikia akiniuliza juu ya miwani yake: Kha! Nani kafa?

Dakika haijaisha, nikapita katikati ya watu, nikaenda mwenyewe kuiwasha feni.