Kambare Watano na Mkwe Wangu

Mkwe wangu, Bi Jaha, hajapata kumwacha mtu atoke nyumbani mwake na njaa. Nasema hivi mapema mjue kwamba sina ugomvi na mtu mwema. Lakini mwaka ule wa 1984, mke wangu Mwanasiti alipojifungua mtoto wetu wa kwanza na mamake akaja kutoka Pate kumwangalia kwenye arobaini yake, nilikonda mimi, na samaki wangu nao wakakonda.

Samaki wenyewe walikuwa kambare wadogo watano, kila mmoja urefu wa kidole cha shahada. Nilipewa na Mjerumani mmoja niliyekuwa nikimtengenezea umeme hapa Malindi, alipofunga virago kurudi kwao. Aliniachia na tangi lao la kioo na pampu ya hewa. Alinieleza jambo moja, akalirudia: chakula chao ni ule utando wa kijani unaoota kwenye kioo. Ukiisha, wape mboga ya majani iliyochemshwa kidogo. Na tazama matumbo. Yakiwa ya mviringo, mambo sawa, yakibonyea, wanakufa njaa. Basi nikaliweka tangi sebuleni karibu na dirisha, jua lilipige ubavu mmoja, na utando ukaota vizuri. Jioni nikitoka kazini nilikaa nikiwatazama wamebandika midomo yao kiooni, wanatafuna bila haraka. Niliwapenda, sioni haya kusema.

Bi Jaha aliwaona siku ya kwanza, kabla hata hajavua buibui.

"Mwanasiti, mbona hawa wanalamba ukuta? Kwani hapikwi humu?"

Siku ya pili nilirudi kutoka kazini nikakuta tangi linang'aa pande zote nne. Alikuwa ameingia na dodoki mpaka kwenye pembe, na mle majini akawamwagia vipande vya mahamri. Wanawake wa mtaani kwetu Shela walikuwa wanakuja kumwona mtoto, na yeye hakutaka waende wakasema binti yake ana tangi chafu na samaki wanaokula ukoga kwa kukosa.

Sasa niambie, mkwe anasahihishwaje? Kwetu mtu na mama mkwe wake wanaoneana haya. Nikiingia, yeye hujitanda vizuri na kutazama pembeni. Hata jina langu alikuwa halitaji. Nilikuwa "huyo babake Fumo", kwa jina la mtoto. Nikamwomba Mwanasiti amwambie.

"Mama anaamka alfajiri kunipikia uji wa pilipili manga," akasema Mwanasiti. "Ananikanda, anafua winda za mtoto. Leo nimwambie asisafishe? Mwambie wewe."

Nikaamua kutumia akili. Uani nilikuwa na ndoo ambamo huacha maji ya bomba yakae siku mbili, dawa iishe. Nikatia mawe ndani, jua likayaotesha kijani wiki nzima, kisha nikayapenyeza tangini asubuhi nikienda kazini. Jioni nikayakuta barazani yameanikwa, yamesuguliwa yakawa meupe. Nikachemsha mchicha, nikaufunga kwenye jiwe kwa uzi. Akautoa, akautupa, akisema uzi ule utawanyonga.

Kambare wa kwanza akafa. "Ni uchafu huo," Bi Jaha akahukumu, akazidi kusugua. Wa pili akafuata baada ya siku tatu. Watatu waliosalia walilala chini mchangani, matumbo yamebonyea, na mimi kila siku "Shikamoo, mama," "Marahaba," napita zangu.

Jumapili moja asubuhi nilishindwa. Bi Jaha alikuwa amesimama mbele ya tangi, dodoki mkononi linachuruzika. Nikamchukua Fumo, wa siku ishirini na tatu, nikakaa naye mkekani, nikampa mkwe ubavu na kuanza kusema na mtoto kwa sauti.

"Fumo, mwanangu, mwambie bibi yako asante kwa yote. Ila umwambie, kile cha kijani ndicho chakula cha samaki wa baba. Kikisuguliwa, hawana kingine. Wale wawili hawakufa kwa uchafu. Wamekufa njaa."

"Fumo," sauti ya Bi Jaha ikaja imekauka, "muulize babako, alilijua hili tangu lini?"

"Mwambie bibi, tangu siku ya kwanza."

Akageuka. Akanitazama usoni, jambo ambalo hakupata kulifanya tangu nioe, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Siku zote hizi! Nimewashindisha njaa viumbe wa Mungu, nyumbani kwa mwanangu, nawe waniamkia shikamoo na kupita? Hao wawili tumewaua sote, mimi kwa dodoki, wewe kwa adabu."

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Nilikuwa nikijivunia heshima yangu, kumbe nilikuwa mwoga tu.

Alilitupa dodoki uani, akachemsha mchicha kwa mkono wake, akaufunga kwenye jiwe na kuuzamisha. Kisha akaketi mbele ya tangi, akakataa chakula cha mchana. Hatakula, alisema, mpaka samaki watangulie kula. Adhuhuri kambare mmoja akaukaribia mchicha, akaugandama. Alasiri akaja wa pili. Wa tatu, mdogo wao, hakusogea. Mwanasiti alimbembeleza mamake ale japo tende mbili. Akazisukuma kando.

Nilikuwa bafuni naoga niliposikia ukelele uliofika mpaka kwa majirani.

"Muhidin! Muhidin, njoo! Anakula!"

Nikatoka mbio, povu la sabuni kichwani, kikoi nimekishika kwa mkono mmoja, nikachutama bega kwa bega na mama mkwe wangu. Yule mdogo alikuwa ameng'ang'ania jani, mdomo unakwenda. Bi Jaha alikuwa analia huku anacheka, na mimi vivyo hivyo. Mpaka Mwanasiti aliponiambia nirudi nikamalizie kuoga, hakuna kati yetu aliyekumbuka haya.