Mshauri wa Siku Tatu

Miaka tisa Ciakuthii alikuwa akikaanga krispi za ndizi pale Makutano, Meru, na kwa utamu hakuna aliyemfikia. Ila zikikaa wiki moja kwenye pakiti, zinalegea kama chapati ya jana. Wambeti, mwenye duka kubwa kule Embu, alisharudisha katoni mbili. Akasema wazi: atajaribu mzigo mmoja tu wa mwisho. Na Ciakuthii alikuwa amekwisha kuajiri wanawake wanne kwa kutegemea duka hilo.

Akaomba mshauri kwenye mpango wa serikali wa kusaidia biashara ndogo. Serikali ingelipa sehemu kubwa, yeye kidogo, na mshauri angekaa siku tatu, basi.

Akaja Runji, kijana mpole wa Embu, na daftari lake. Sasa, ni nani humkaribisha mgeni kwenye moshi? Ciakuthii alizima majiko, akawapa wafanyakazi mapumziko, sakafu ikasuguliwa ikang'aa. Siku ya kwanza mgeni alikula mukimo kwa kuku. Ya pili, mbuzi. Kila alipouliza kazi inafanywaje, aliongezewa nyama.

Jioni hiyo Runji aliweka kijiko chini. "Mama, chakula ni tamu sana, asante. Lakini nimelipwa na pesa ya wananchi nikuje kuona kazi, na sijaona hata ndizi moja. Kesho ndio last day."

Ciakuthii aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mficha uchi hazai, na yeye wake alikuwa ameuficha kwa nyama ya mbuzi! Lakini hakuwa mtu wa kukaa na aibu palipo na kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asubuhi alimpa Runji aproni, kiti hakumpa.

Majiko yakawaka. Lydiah, mmoja wa wale wanawake wanne, alikata ndizi, mwenzake Gladwell akaopoa krispi kwenye karai la mafuta, na Ciakuthii mwenyewe akazitia kwenye pakiti na kuziba papo hapo. Runji aliinua pakiti moja dirishani. Ndani kulikuwa na matone ya maji.

"Mama, mnafunga zikiwa moto?"

"Eeh. Si customer wa stage, anayengoja matatu, anataka ya moto?"

"Huyo anakula saa hiyo hiyo. Wa Embu anakula next week. Hii mvuke ndio inazilainisha. Wacha zipoe kabisa, ndio ufunge."

Ciakuthii alicheka mpaka akashika kiuno. Miaka tisa, jamani!

Mzigo wa mwisho ukaenda Embu. Wiki tatu baadaye Wambeti alipiga simu, wala hakusalimia. Ilisikika pakiti ikipasuliwa, kisha krispi ikivunjika menoni, kavu kabisa.

"Leta katoni thelathini," alisema huku akitafuna.

Ciakuthii alilia kwa furaha mbele ya wafanyakazi wake wote. Halafu akawaambia wawashe jiko lingine.